Kamera imeshuka bei, filamu bado ina gharama: hesabu ya mtengenezaji filamu wa Njoro

Jumamosi, Kasri la Lord Egerton lililoko Ngata hujaa maharusi. Jengo hilo la mawe, lililojengwa kati ya mwaka 1938 na 1954 na ambalo leo liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, limekuwa mandhari ya picha za harusi kwa wakazi wa Njoro, wa Nakuru mjini na hata wanaotoka mbali. Nyuma ya kila msafara wa magari yenye riboni huwa kuna vijana wawili au watatu wenye kamera, na mara nyingine droni inayovuma juu ya vichwa vya wageni kama nyuki aliyepotea mzinga. Ijumaa vijana hao hao huwa mazishini. Jumapili huitwa kanisani kurekodi kwaya. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kamera hukaa kabatini.

Hizo siku nne ndizo zinazobeba filamu za bei nafuu. Kamera iliyokwisha kulipiwa na harusi haimgharimu mwenyewe kitu kikubwa akiitoa Jumanne kurekodi mchezo wa kuigiza kando ya shamba la ngano kule Mau Narok. Atahitaji chaji ya betri, nauli na chakula cha waigizaji. Zamani hapakuwa na njia ya mkato kama hii, kwa sababu zamani gharama kubwa haikuwa kamera peke yake. Ilikuwa kile kilichotiwa ndani yake.

Ndiyo maana wazazi wengi katika kaunti wameanza kuulizwa swali jipya mezani. Kijana aliyemaliza chuo anaomba auziwe ng'ombe mmoja, au mama achukue mkopo katika chama, ili anunuliwe kamera aanze kutengeneza filamu. Je, pesa zitarudi? Jibu la kweli haliwezi kuwa ndiyo au la. Teknolojia ya dijitali imepunguza baadhi ya gharama hadi karibu sufuri, lakini nyingine imezihamisha tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na pia imepunguza kile ambacho mtazamaji mmoja yuko tayari kulipa. Anayeona upande mmoja wa hesabu hii ndiye anayeuza ng'ombe na kubaki na kamera.

Dakika nne na nusu kwa roli

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, filamu ya sinema ilirekodiwa kwenye utepe wa plastiki wenye dawa ya kunasa mwanga. Utepe wa kawaida wa majumba ya sinema ulikuwa na upana wa milimita 35. Roli moja la futi 400 lilidumu takriban dakika nne na nusu, likaisha. Mwongozaji aliyetaka filamu ya dakika 90, na aliyekuwa mwangalifu kiasi cha kurekodi dakika tano tu kwa kila dakika moja aliyotumia, alihitaji dakika 450 za utepe. Hizo ni roli zaidi ya 100. Kila roli lilinunuliwa kwa fedha za kigeni, likatunzwa lisipate joto wala mwanga, likapelekwa maabara kusafishwa, ambayo mara nyingi ilikuwa ng'ambo, kisha likachapishwa nakala ndipo mtu aone kama alichorekodi kilikuwa kinaonekana.

Katika mazingira hayo, mwigizaji aliyesahau maneno yake aliteketeza pesa halisi. Ndiyo maana Wakenya waliotengeneza filamu ndefu miaka ya 1980 na 1990, kama vile Sao Gamba aliyetoa Kolormask mwaka 1986 na Anne Mungai aliyetoa Saikati mwaka 1992, wanahesabika kwa vidole. Vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia utepe.

Linganisha na leo. Simu ya kawaida ikirekodi kwa kiwango cha juu cha kawaida hutumia takriban GB 8 kwa saa. Zile dakika 450, yaani saa saba na nusu, ni GB 60. Zinatosha ndani ya kadi moja ya GB 128 iliyo ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kadi hiyo ikifutwa hutumika tena filamu inayofuata. Mwigizaji akisahau maneno, watu hucheka na kurudia.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa hatua. Kamera ndogo za kanda za dijitali zilitokea mwaka 1995. Mwaka 2008 kampuni ya Canon ilitoa kamera ya picha za kawaida, 5D Mark II, iliyoweza pia kurekodi video yenye sura ya sinema, na wapiga picha wa harusi duniani kote wakajikuta wana mtambo wa filamu mkononi. Programu ya DaVinci Resolve, ambayo wakati mmoja iliuzwa pamoja na mitambo yake kwa bei ya nyumba, imekuwa na toleo la bure tangu mwaka 2011. Mwaka 2015, Mmarekani Sean Baker alipeleka katika tamasha la Sundance filamu Tangerine aliyoirekodi kwa simu za iPhone 5s, na watu wakaacha kuuliza kama simu inaweza. Walianza kuuliza mengine.

Kilichowapata wa River Road

Wakazi wenye umri wa kukumbuka gari la sinema leo likisimama uwanjani na kuanika kitambaa cheupe, watakumbuka pia kipindi kilichofuata: kanda za video, kisha diski. Majumba mengi ya sinema nchini yalifungwa au kugeuzwa makanisa na maduka. Wakati huo huo, Nairobi, katika barabara ya River Road, ilizaliwa biashara iliyokuja kuitwa Riverwood. Wachekeshaji kama Machang'i na Kihenjo walirekodi vichekesho vya Kigikuyu kwa siku chache, wakavihariri kwenye kompyuta ya kawaida, vikachomwa kwenye diski na kusafirishwa kwa mabasi na matatu hadi maduka ya Nakuru, Njoro, Molo na kwingineko. Hakuna aliyeomba ruhusa ya jumba la sinema wala ufadhili wa ubalozi.

Mfano wenyewe haukuanzia Kenya. Nchini Nigeria, mwaka 1992, mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa Living in Bondage moja kwa moja kwenye kanda za VHS, na biashara nzima ya filamu za huko ikafuata mkondo huo. Tanzania ilifuata. Filamu Girlfriend ya mwaka 2003, ambayo ni miongoni mwa zilizofungua njia ya Bongo Movie, iliongozwa na Mkenya, George Otieno Okumu, aliyejulikana zaidi kama George Tyson. Kufikia wakati Steven Kanumba anafariki, Aprili 2012, sura yake ilikuwa ikitambulika kwenye vibanda vya video kutoka Mwanza hadi vijiji vyetu.

Lakini mashine iliyochoma diski halali ndiyo hiyo hiyo iliyochoma diski haramu. Nakala ya kanda ya VHS ilikuwa na mawaamawaa, na nakala ya nakala ilikuwa mbaya zaidi, kwa hivyo mnunuzi alikuwa na sababu ya kutafuta ya asili. Nakala ya dijitali haina tofauti na mama yake. Filamu ilipotoka asubuhi, jioni ilikuwa kando ya barabara kwa shilingi 50, mara nyingine ikiwa imebanwa na nyingine nne kwenye diski moja. Mtengenezaji hakuweza kushindana na bei hiyo kwa sababu mwizi hakuwa na waigizaji wa kulipa. Tanzania ilijaribu kuzuia kwa stempu za kodi kuanzia mwaka 2013. Kisha simu zikaja na watu wakaacha kununua diski kabisa, ya halali na ya haramu.

Hili ni jambo la kuzingatiwa na yeyote anayeingia katika kazi hii leo. Kila teknolojia iliyoshusha gharama ya kutengeneza imeshusha pia gharama ya kunakili.

Wakaliga, mtaa wa Kampala

Jirani zetu Waganda wana mfano ambao hutajwa sana, na mara nyingi hutajwa vibaya. Isaac Nabwana, wa mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, alitoa mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa bajeti inayosemekana haikufika dola 200 za Marekani. Kompyuta aliiunga mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zilikuwa za vyuma chakavu na mbao. Kionjo cha filamu hiyo kilipowekwa kwenye YouTube, kilitazamwa mamilioni ya mara, na mtaa huo ukapewa jina la Wakaliwood.

Wanaoisimulia habari hii huishia hapo: dola 200, mamilioni ya watazamaji, nenda nawe ukafanye. Yaliyoachwa ndiyo yenye mafunzo. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Walipewa DVD wakaziuza wenyewe nyumba kwa nyumba na kubaki na nusu ya mauzo, wakikimbizana na muda kabla nakala haramu hazijafika sokoni. Ule umaarufu wa mtandaoni haukuwa ndio uliowalisha. Na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi kwenye kompyuta, Nabwana alifuta rekodi za asili ili aanze filamu nyingine. Dunia ilipoitaka filamu hiyo, kilichobaki kilikuwa nakala ya DVD. Mwaka 2015 aliomba mtandaoni mchango wa dola 160 na watu wa nchi mbalimbali wakamtumia zaidi ya dola 13,000, jambo la heri, lakini hakuna anayepanga bajeti ya nyumba kwa kutegemea kwamba wageni watamchangia mara 80 ya alichoomba.

Dola 200 zilikuwa gharama ya vitu. Muda wa watu, chakula chao, vyumba vyao na miaka ya kujifunza havikuandikwa mahali.

Pesa zinakokwenda sasa

Chukua mfano wa kikundi cha vijana sita wa Njoro wanaotaka kutengeneza filamu ya saa moja kuhusu mgogoro wa shamba katika familia. Kamera wanayo. Programu ya kuhariri ni ya bure. Wanadhani wamemaliza bajeti.

Siku ya kwanza ya kurekodi itawaonyesha. Waigizaji 12 wanahitaji kula mchana, na mtu mwenye njaa haigizi mtu mwenye furaha. Kutoka Njoro mjini hadi Mau Narok na kurudi ni nauli kwa kila kichwa, tena mara mbili ikiwa mvua itawafukuza kabla ya kumaliza, na huku kwetu mvua ya alasiri haiombi ruhusa. Kama mandhari ni msituni, kuna Huduma ya Misitu ya kuombwa kibali. Kama ni kasri, kuna chuo kikuu. Kama ni nyumba ya mtu, mwenye nyumba ataikubali siku ya kwanza kwa furaha, ya tatu atauliza kuhusu bili ya stima.

Halafu kuna sauti. Hapa ndipo filamu nyingi za bei nafuu zinapopotezea watazamaji, na hapa ndipo shilingi ya kwanza ya ziada inapofaa kwenda, kabla ya lenzi na kabla ya droni. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Hawezi kuvumilia maneno asiyoyasikia. Maikrofoni iliyo kwenye kamera husikia kila kitu kwa usawa: upepo wa uwandani, honi ya matatu, jogoo, na mvua juu ya mabati ambayo humeza mazungumzo yote chumbani. Maikrofoni ndogo ya kubana shatini, iliyounganishwa na simu ya pili iliyofichwa mfukoni mwa mwigizaji, hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo kwa bei iliyo chini kabisa kuliko ya kamera. Anayeshika maikrofoni apewe heshima sawa na anayeshika kamera. Katika vikundi vingi kazi hiyo hupewa aliyechelewa kufika.

Kuhifadhi ni gharama nyingine isiyoonekana. GB 60 za mfano wetu zikirekodiwa kwa kiwango cha 4K katika kamera nzuri huweza kuzidi GB 300, na kila rekodi inafaa kuwa na nakala mbili katika diski mbili tofauti zinazolala nyumba mbili tofauti. Stima ikipotea wakati wa kuhamisha, au mkoba ukiibwa kituoni, hakuna kitakachorudisha siku tano za watu 12.

Kubwa kuliko yote ni muda. Utepe wa zamani ulimlazimisha mwongozaji kufikiri kabla ya kusema "anza". Kadi ya kumbukumbu haimlazimishi, kwa hivyo anarudi nyumbani na saa 20 za rekodi za kuchambua badala ya saba. Uhariri wa filamu ya saa moja huweza kula wiki nyingi, na wiki hizo ni za harusi ambazo hakuzikubali. Gharama iliyokuwa ikilipwa kwa fedha za kigeni sasa inalipwa kwa usingizi wa kijana. Haijatoweka.

Kutazamwa mara 100,000 ni shilingi ngapi?

Filamu ikiisha, wengi huipeleka YouTube. Ni uamuzi wenye mantiki: hakuna msambazaji wa kumpigia magoti, hakuna diski ya kuchoma, na Mnjoro aliye Doha au Minnesota huitazama siku hiyo hiyo. Ili chaneli ianze kupata mgao wa matangazo ya biashara yanayopachikwa kwenye video ndefu, inahitaji wafuasi 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ikikubaliwa, mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo hayo, na kampuni hubaki na 45.

Asilimia 55 ya nini, ndilo swali. Mapato hutegemea watangazaji wanalipa kiasi gani kuwafikia watazamaji wa nchi husika, na mtazamaji aliye Kenya huleta kidogo kuliko aliye Marekani. Kwa ajili ya hesabu tu, tuseme chaneli inabaki na dola moja kwa kila mara 1,000 video inapotazamwa, na dola ni shilingi 129. Kutazamwa mara 100,000, ambako ni mafanikio ya kusherehekewa, kutaleta dola 100, yaani shilingi 12,900. Gawanya kwa watu sita walioitengeneza na waigizaji 12.

Sasa rudi enzi ya diski. Aliyeuza diski 1,000 kwa shilingi 100 kila moja alishika shilingi 100,000 kabla ya kutoa gharama. Kwa kiwango cha mfano wetu, filamu ya leo ingehitaji kutazamwa zaidi ya mara 775,000 ili ifike hapo. Watazamaji wameongezeka sana na thamani ya mmoja mmoja imeshuka sana, na anayefurahia la kwanza bila kuona la pili atashangaa mwisho wa mwezi.

Kuna mambo madogo ya utaratibu yanayowachelewesha wengi. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma kwa posta barua ya karatasi yenye namba ya kuthibitisha anwani. Ndiyo, katika biashara nzima hii ya kidijitali kuna barua, na kijana asiye na sanduku la posta Njoro 20107 au mahali pengine atalazimika kutumia la mzazi, la shule au la kanisa, kwa makubaliano. Malipo ya kwanza hutoka mapato yakifika dola 100. Fomu ya kodi ya Marekani ndani ya akaunti ijazwe mapema, kwani mtu binafsi asipoijaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yale ya watazamaji wa Kenya. Nyumbani, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya dijitali kwa mkazi wa Kenya.

Runinga nayo ni soko, na kanuni za utangazaji zinadai asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini. Uhamiaji wa dijitali wa mwaka 2015 uliongeza idadi ya vituo, vikiwemo vya lugha za kiasili kama Inooro TV iliyoanza mwaka huo huo. Vituo vikiwa vingi, fedha za matangazo hugawanyika, na bei ya saa moja ya kipindi hubanwa. Majukwaa makubwa ya kulipia hununua kazi chache mno. Netflix ilitoa mfululizo wake wa kwanza wa Kenya, Country Queen, mwaka 2022, na mpango wake wa kutazama bure kwa simu nchini, ulioanza mwaka 2021, ukafungwa mwaka 2023.

Lugha ni sehemu ya hesabu hii. Njoro ina Wagikuyu, Wakalenjin, Waogiek wa Nessuit na jamii nyingine. Wakati wa roli 100, hakuna ambaye angethubutu kutengeneza filamu ya lugha yenye wazungumzaji wachache. Leo inawezekana, na pengine hili ndilo badiliko la maana kuliko yote. Lakini matangazo hulipa kwa wingi wa watu, kwa hivyo filamu ya namna hiyo haitalishwa na YouTube.

Filamu ni ya nani?

Kikundi chetu cha vijana sita huenda kisigombane wakati wa njaa. Kitagombana siku pesa zitakapoingia, hata zikiwa shilingi 12,900.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inamtambua kama mwandishi wa filamu yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Si mwenye kamera kwa sababu tu kamera ni yake, wala si mwigizaji mkuu kwa sababu sura ni yake. Katika kikundi cha marafiki ambapo mmoja aliandika hadithi, wa pili akaleta kamera, wa tatu akatoa nauli na wa nne ndiye mwenye nenosiri la chaneli, nani alifanya mipango? Kila mmoja atajibu kwa dhati, na majibu yatakuwa manne. Ukurasa mmoja wa karatasi uliotiwa sahihi kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, unaosema nani anamiliki kiasi gani na nani anashika akaunti, haugharimu kitu. Hakimiliki ya filamu hudumu miaka 50, muda wa kutosha kwa watoto wa wahusika kurithi ugomvi.

Ulinzi huo huanza wenyewe kazi inaporekodiwa, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunampa mwenye kazi ushahidi akiibiwa. Bongo Movie ilifunza somo hili kwa uchungu: waigizaji na waongozaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na filamu zilipohamia mtandaoni miaka iliyofuata, hawakuwa na dai.

Muziki nao ni mtego. Wimbo unaopendwa ukiwekwa chini ya picha bila ruhusa, mfumo wa YouTube huutambua na mapato ya video yote huweza kuelekezwa kwa mwenye wimbo. Kaunti hii imejaa wapiga gitaa na kwaya ambao wangefurahi kutunga kipande kipya kwa makubaliano yaliyoandikwa.

Leseni na vibali

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura 222, inasema filamu ya kuonyeshwa kwa umma au kuuzwa hairekodiwi bila leseni. Ombi hupelekwa kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ambayo pia ndiyo inayotoa daraja la umri kabla ya filamu kuonyeshwa. Vijana wengi huona hili kama kikwazo, na kwa kikundi kidogo kweli ni gharama ya ziada. Hata hivyo kituo cha runinga au mfadhili anayetaka kununua filamu ataomba karatasi hizo, na kuzitafuta baada ya kumaliza ni taabu zaidi.

Droni ina sheria yake. Kanuni za mwaka 2020 zinataka isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na iendeshwe kwa idhini, na hiyo ni pamoja na ile ya harusi ya Jumamosi. Anayeigiza akiwa chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi. Kwa kurekodi sokoni, barabarani au katika majengo ya umma, mahali pa kuanzia ni ofisi ya msimamizi wa wadi, na kituo cha polisi kijulishwe, hasa kama hadithi ina wizi au bunduki ya mbao.

Ukumbi wa watu 258

Ipo njia moja ambayo watengenezaji wengi wameiruka wakikimbilia mtandaoni. Shilingi 12,900 zinazotokana na kutazamwa mara 100,000 katika mfano wetu ndizo zinazopatikana wakazi 258 wakilipa shilingi 50 kila mmoja kuingia ukumbini. Kupata macho 100,000 mtandaoni kunategemea mfumo ambao hakuna mtu wa Njoro anayeuendesha. Kupata watu 258 kunategemea tangazo kanisani, bango sokoni siku ya gulio, na ukweli kwamba mwigizaji mwenye ndugu 30 huja nao wote.

Gharama ya upande huu pia imeshuka. Mashine ya kurushia picha ukutani hukodishwa na watu wale wale wa harusi, spika wanazo, na kitambaa cheupe hakijabadilika tangu siku za sinema leo. Filamu ya Kiogiek inaweza kuonyeshwa Nessuit, ya Kigikuyu ikaonyeshwa Kihingo, ya Kikalenjin ikaonyeshwa Mauche, na mwongozaji akakaa nyuma gizani kusikia ni wapi watu wanacheka na ni wapi wanaanza kuangalia simu zao. Baada ya wiki chache za maonyesho, ndipo filamu iwekwe mtandaoni. Utaratibu huu wa kwanza ukumbini kisha kwingineko ndio ambao kampuni kubwa za sinema zimeutumia kwa miaka mingi, kwa sababu kitu kikishakuwa bure mtandaoni hakuna anayekilipia mlangoni.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaweka sinema, maonyesho ya video na ukodishaji wa video miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Kikundi kinachotaka kutoza kiingilio kinatakiwa kiwe na cheti cha daraja la umri kutoka KFCB kwa filamu husika, na kiulize katika ofisi ya kaunti ndogo kuhusu matumizi ya ukumbi na kibali cha maonyesho. Maombi yapelekwe mapema, kwani kumbi nyingi za jamii hushikwa Jumamosi kwa harusi. Katikati ya wiki huwa wazi.